Mdahalo wa Ijumaa Ngamiani: uzoefu, mchanganyiko na uongozi wa chama bungeni

Kwa shilingi 5,000, mgahawa mmoja wa Ngamiani hapa Tanga humpa mteja kiti baada ya sala ya Isha, kahawa ya kutosha na kashata mbili, karatasi ya kurasa nne yenye maelezo ya hoja ya siku hiyo, na saa mbili na nusu za mdahalo wenye mwenyekiti na utaratibu. Huduma hii hutolewa Ijumaa ya mwisho wa kila mwezi. Nimeihudhuria mara tatu, na mara ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike, kwa sababu hoja iliyoletwa ilikuwa ile ambayo vyama vyetu huipita pembeni kila baada ya uchaguzi: chama kinapomchagua mtu wa kukiongoza bungeni, kitangulize uzoefu wake, au kitangulize haja ya kuwaona watu wa kila namna katika uongozi?

Niseme kwa ufupi juu ya mahali penyewe. Wateja huketi uani, kwenye viti vya plastiki na mabenchi yaliyopangwa kuzunguka meza ya wasemaji, na upepo wa baharini hufika hadi pale bila kizuizi. Kahawa ni chungu kama inavyotakiwa, huletwa ikiwa moto na vikombe huoshwa vizuri. Kashata zilikuwa za karanga, nami ningependelea za nazi, lakini hilo ni la mdomo wangu. Kipaza sauti kilikatika mara nne, na waliokaa karibu na mlango wa barabarani, penye kelele za bodaboda, walikosa sehemu ya maneno ya wasemaji. Kwa huduma ambayo watu wameilipia ili wasikie, kasoro hiyo inapaswa kushughulikiwa kabla ya mambo mengine yote.

Kilichonivutia zaidi ni karatasi ya maelezo. Katika midahalo mingi niliyowahi kuhudhuria mjini hapa, wasemaji huanza na maoni na kumaliza na maoni, na anayeshinda ni mwenye sauti. Hapa mwandaaji alichukua mfano mmoja wa kweli, akaueleza kwa tarehe na hesabu za kura, kisha akawaachia watu wabishane juu yake. Mfano wenyewe ulikuwa chama cha Democratic cha Marekani na jinsi kilivyowachagua viongozi wake katika Baraza la Wawakilishi, lenye wajumbe 435. Nina lawama moja juu ya jina hilo. Msomaji wa pwani akiona maneno “Baraza la Wawakilishi” hufikiria kwanza Zanzibar, na mzee mmoja aliyekaa mbele yangu alikaa dakika kumi akisubiri kusikia habari za Chukwani. Mstari mmoja wa ufafanuzi mwanzoni mwa karatasi ungetosha.

Maelezo yalianzia Novemba 2002, wajumbe wa chama hicho walipomchagua Nancy Pelosi wa California kuwa kiongozi wao kwa kura 177 dhidi ya 29 za Harold Ford wa Tennessee, aliyekuwa kijana Mweusi wa miaka 32. Hakuna mwanamke aliyewahi kukiongoza chama chochote kikubwa katika Bunge la Marekani kabla ya hapo. Januari 2007 akawa Spika, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti hicho. Chama kilipopoteza wingi wa viti aliendelea kuwaongoza wenzake katika upinzani, na mwaka 2016 Tim Ryan wa Ohio, mwanamume aliyekuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka 30, alimpinga akapata kura 63 dhidi ya 134. Baada ya uchaguzi wa 2018, chama kiliporudisha wingi wake, watu 16, wajumbe na wateule waliokuwa hawajaapishwa, walitia saini barua ya kumkataa. Marcia Fudge wa Ohio, mwanamke Mweusi aliyewahi kuongoza umoja wa wabunge Weusi, alifikiria kushindana naye, kisha akaacha na kumuunga mkono. Pelosi akapitishwa na wenzake kwa kura 203 dhidi ya 32, na Januari 2019 akachaguliwa tena kuwa Spika kwa kura 220, baada ya kukubali kwamba hatakaa katika uongozi zaidi ya miaka minne.

Nimeyarudia haya kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo upande wa kwanza na upande wa pili wa mdahalo hawakuliona kwa zaidi ya saa nzima. Pelosi aliyetetewa kwa jina la uzoefu mwaka 2018 ni yule yule ambaye mwaka 2002 alikuwa sura mpya. Ukimweka upande wa wakongwe utakuwa na haki, maana aliingia katika Baraza hilo mwaka 1987 na alikuwa na umri wa miaka 78 wakati wa barua ile. Ukimweka upande wa mchanganyiko utakuwa na haki pia, maana hadi leo hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa Spika wa Marekani. Basi hoja iliyoandikwa ubaoni, “uzoefu au mchanganyiko”, ilikuwa imegawa vitu viwili ambavyo katika mtu huyu vilikaa pamoja, na ningetarajia mwenyekiti alitambue hilo mapema.

Nalo neno lenyewe lilileta shida ya haki. Karatasi ilitumia “uanuwai”, na mama mmoja akauliza bila haya, “Mwanangu, hilo neno ndilo lipi?” Kijana aliyeandaa karatasi alijibu kwa adabu kwamba alimaanisha watu wa jinsia, umri, asili na hali tofauti kuwa pamoja katika uongozi. Yule mama akasema, “Basi sema mchanganyiko wa watu, tutakuelewa,” na tangu hapo ukumbi mzima ukatumia neno hilo, nami nalitumia hapa. Naliona tukio hilo kuwa sifa kubwa kwa huduma hii, kwa kuwa mteja aliweza kurekebisha lugha ya mdahalo naye asionekane mjinga.

Upande wa uzoefu uliongozwa na mwalimu mstaafu ambaye alijiandaa vizuri. Hoja yake ilikuwa kwamba kazi ya kiongozi wa chama bungeni ni kuhesabu kura kabla hazijapigwa, kujua nani anayumba na kwa sababu gani, na kujua ni lini mswada upelekwe na ni lini uzuiwe. Alitoa mfano wa sheria ya bima ya afya ya Marekani, iliyopita katika Baraza hilo tarehe 21 Machi 2010 kwa kura 219 dhidi ya 212, bila kura hata moja ya chama cha Republican. Pengo la kura saba, alisema, halizibwi na mtu aliyeingia jana akiwa bado anauliza njia ya kwenda kwenye chumba cha kamati. Hoja hiyo ilikuwa nzito na iliungwa mkono na jambo lililotokea kweli, wala sikusikia mtu aliyeijibu sawasawa usiku ule.

Upande wa mchanganyiko ulisemewa na kijana aliyehitimu chuo karibuni. Alianza kwa umri: kwamba mwaka 2018 viongozi watatu wa juu wa chama hicho, yaani Pelosi, Steny Hoyer na James Clyburn, walikuwa wote wamekaribia miaka 80, na walikuwa wamekalia ngazi za juu tangu 2007, hata waliokuwa chini yao wakazeeka wakingoja. Kisha akaonyesha kwamba Novemba 2022, watatu hao walipoachia nafasi hizo za juu, chama kilimchagua Hakeem Jeffries wa New York kuwa kiongozi, Katherine Clark wa Massachusetts kuwa mnadhimu, na Pete Aguilar wa California kuwa mwenyekiti wa kamati ya wabunge wa chama. Jeffries, aliyekuwa na miaka 52, ndiye Mweusi wa kwanza kukiongoza chama katika Bunge hilo. Kijana akauliza kama chama kilianguka. Hakikuanguka: Januari 2023, wakati chama cha Republican kilipohitaji duru 15 za kura ili kumpata Kevin McCarthy kuwa Spika, wenzake Jeffries walimpigia yeye kura kwa pamoja duru baada ya duru.

Hapo ndipo palipokuwa na utajiri mkubwa wa mada, na ndipo mwenyekiti alipoharakisha. Katika ukurasa wa tatu wa karatasi kulikuwa na mistari miwili kuhusu uchaguzi wa Novemba 2018 wa nafasi ya mwenyekiti wa kamati ya wabunge wa chama hicho, ambapo Jeffries alimshinda Barbara Lee wa California kwa kura 123 dhidi ya 113. Lee alikuwa mwanamke Mweusi aliyekaa bungeni tangu 1998, na Jeffries mwanamume Mweusi aliyeingia 2013. Sasa tuulizane: katika kura hiyo, upande wa uzoefu ulikuwa upi, na wa mchanganyiko ulikuwa upi? Lee alikuwa na miaka mingi zaidi na alikuwa mwanamke Mweusi, kundi ambalo halijawahi kushika nafasi ya juu ya chama hicho katika Baraza hilo. Jeffries alikuwa na umri mdogo na kizazi kipya nyuma yake. Tofauti ya kura kumi inaonyesha kwamba wajumbe wenyewe waligawanyika karibu nusu kwa nusu. Niliinua mkono ili niliseme hili, na sikupewa nafasi kwa sababu kipindi cha maswali kilikuwa kimepunguzwa kutoka dakika 40 hadi 15. Wanaolipia huduma hii wanalipia kipindi hicho zaidi ya kingine chochote, nacho kisipunguzwe tena.

Baada ya mapumziko mjadala ulirudi nyumbani, kama ilivyotarajiwa, na ukaangukia mwaka 2010. Wengi tunakumbuka kwamba baada ya uchaguzi wa mwaka ule Kamati Kuu ya CCM ilipeleka kwa wabunge wake majina matatu ya kugombea uspika, yote ya wanawake: Anne Makinda, Anna Abdallah na Kate Kamba. Samuel Sitta, aliyekuwa amemaliza miaka mitano ya uspika aliyoiita ya kasi na viwango, hakuwamo. Msemaji mmoja alidai kwamba kigezo cha jinsia kilitumika kumweka kando mtu aliyekuwa na uzoefu, na madai hayo yalisemwa sana hata wakati ule. Msemaji mwingine akajibu kwamba bila kigezo hicho Tanzania isingempata Spika mwanamke kwa miaka mingi zaidi.

Nadhani wote wawili walipitwa na ukweli ulio wazi. Makinda aliingia bungeni mwaka 1975 akiwa kijana ambaye hajafika miaka 30, alipitia uwaziri, akaongoza jimbo la Njombe Kusini, na kwa miaka mitano kabla ya 2010 alikuwa Naibu Spika, yaani alikuwa akikikalia kiti hicho hicho kila Spika alipotoka. Hakuna aliyeweza kusema kwamba chama kilimchukua mtu asiyejua kazi kwa sababu tu ni mwanamke. Mlango ulipofunguliwa kwa wanawake, aliyeingia alikuwa na miaka 35 ya kuyajua mambo ya Bunge. Na miaka hiyo aliipata kwa kuwa mwaka 1975 na tena mwaka 2005 kulikuwa na watu waliomwachia nafasi ya kujifunza.

Katika sehemu hii lazima nieleze kosa la msingi ambalo karatasi na mwenyekiti walilifanya kwa pamoja. Spika wa Marekani ni kiongozi wa chama chake waziwazi, na hakuna anayemtaka ajifiche. Spika wetu anatokana na chama lakini anatarajiwa aendeshe Bunge kwa haki kwa pande zote, na kwa Ibara ya 84 ya Katiba anaweza hata asiwe mbunge, mradi awe na sifa za kuchaguliwa kuwa mbunge. Anayeongoza shughuli za Serikali bungeni ni Waziri Mkuu. Kwa upande wa upinzani ni Kiongozi wa Kambi Rasmi, nafasi iliyoshikwa na Hamad Rashid Mohamed kutoka 2005 na Freeman Mbowe kutoka 2010 hadi 2020, na ambayo haikuwapo baada ya uchaguzi wa 2020 kwa sababu upinzani haukufikia asilimia 12.5 ya wabunge inayotakiwa na Kanuni za Bunge. Ukiwalinganisha Pelosi na Makinda bila kusema haya, msikilizaji ataondoka akidhani kazi zao ni moja. Kinachoweza kulinganishwa kwa haki ni uamuzi wa chama wa kumpendekeza huyu na kumwacha yule, na hapo mfano una maana.

Maneno yaliyonikaa zaidi hayakutoka mezani. Mama mmoja anayeuza samaki Deep Sea, ambaye alikuwa amekaa nyuma karibu na jiko, aliomba kusema, akaanza kwa kuwaamkia wazee, kisha akasema hivi: “Manahodha wote niwajuao mimi walianza kwa kufua maji chomboni. Hakuna aliyekabidhiwa usukani siku ya kwanza. Lakini na nyinyi, baba zangu, mkimkataza mtu hata kushika kata ya kufulia maji, mtasema lini kwamba ameizoea bahari?” Ukumbi ulinyamaza. Mwalimu mstaafu, ambaye hoja yake ndiyo iliyokuwa ikiguswa, aliinuka akampigia makofi.

Ningependa mwenyekiti angeyashika maneno hayo na kuyaendeleza, kwa kuwa yalikuwa yameufikia moyo wa jambo. Tulia Ackson aliteuliwa kuwa mbunge mwaka 2015 akitoka katika ualimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na unaibu mwanasheria mkuu wa Serikali, na mwezi huo huo akawa Naibu Spika bila kuwahi kukaa bungeni kabla. Wapo waliosema ni mapema mno. Alipochaguliwa kuwa Spika Februari 2022, tayari alikuwa ameshakaa miaka sita akijifunza kiti, na mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Mtu anaweza kupinga au kusifu namna alivyoliendesha Bunge, na hilo ni suala jingine. Kuhusu uzoefu, ushahidi ni kwamba alipewa kata ya kufulia maji kabla ya kupewa usukani. Kwa hiyo swali ambalo chama chochote kinapaswa kujiuliza halianzi siku ya kumchagua kiongozi. Linaanza miaka kumi nyuma, katika kuamua nani awe mwenyekiti wa kamati, nani awe mnadhimu, nani apewe kusoma hotuba ya upande wake, na nani aachwe akae tu na kugonga meza. Chama kilichowanyima wanawake na vijana nafasi hizo kwa miaka kumi, kisha kikasema kwamba hakioni miongoni mwao mwenye uzoefu, kinalalamikia kazi ya mikono yake, na mimi sioni kwa nini malalamiko hayo yaheshimiwe.

Utaratibu mmoja wa mgahawa huu unastahili kuigwa na kila anayeandaa midahalo. Katika nusu saa ya mwisho wasemaji hubadilishana pande, na kila mmoja hulazimika kutetea alichokuwa akikipinga. Mwalimu mstaafu alipotetea mchanganyiko alisema maneno mazuri kuliko yale ya mwanzo: kwamba alifundisha darasani kwa zaidi ya miaka 30 na katika muda huo aliwaona wasichana wengi wenye akili ambao hawakuwahi kuteuliwa kuwa viranja wakuu, kwa sababu kila mwaka walimu walisema kiranja wa kiume “ana uzoefu wa kusimama mbele za watu”. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, na nilimwona akifikiri wakati akisema. Kijana naye, alipotetea uzoefu, alikiri kwamba Jeffries hakuokotwa njiani, bali alikuwa na miaka kumi bungeni na minne ya kuongoza kamati ya wabunge wa chama.

Lakini kuna jambo ambalo nililisema kwa mwandaaji uso kwa uso kabla ya kuondoka, nami nalirudia hapa. Meza ya mbele ilikuwa na watu wanne, na wote walikuwa wanaume. Wanawake walikuwa karibu theluthi moja ya waliohudhuria, na wengi walikaa nyuma, upande wa jikoni, mahali ambapo kipaza sauti kilikuwa hakisikiki. Katika mdahalo juu ya nani apewe nafasi ya kuongoza, mpangilio huo unaumiza. Mwandaaji alinisikiliza vizuri, akasema aliwaalika wanawake wawili na wote wakapata udhuru. Sina sababu ya kutomwamini. Nilimwambia tu kwamba kati ya wote waliosema usiku ule, aliyesema kwa uzito zaidi alikuwa ameketi hatua kumi kutoka kwake, na hakuhitaji barua ya mwaliko.

Kwa bei yake, huduma hii ni nzuri kuliko nyingine yoyote ya aina hiyo niliyoipata mjini Tanga. Shilingi 5,000 ni fedha kwa mtu wa kipato cha siku, na ningeshauri wanafunzi na wafanyabiashara wadogo wapunguziwe, hata kama itabidi kashata iwe moja. Karatasi ya maelezo pekee yake ina thamani ya nusu ya bei, mradi isomwe kwanza na mtu anayejua tofauti ya mabunge. Anayetaka kwenda afike kabla ya saa mbili usiku, achague kiti cha mbele, mbali na mlango wa barabarani, na asome kurasa zote nne kabla mwenyekiti hajafungua.

Mdahalo ujao umetangazwa kuwa juu ya viti maalum, na kama kiwango cha Ibara ya 66 cha wanawake wasiopungua asilimia 30 kimewafikisha wangapi katika uenyekiti wa kamati za Bunge. Nimekwisha kulipia nafasi mbili, moja yangu na moja ya binti yangu aliye kidato cha tano, naye ameanza kuandika maswali yake.